Kwa Nini Mboga za Nyumbani Zinakufa Huku Tunazimwagilia Kila Siku

"Nimeumwagilia asubuhi na jioni, sijaruka hata siku moja. Mbona umekufa?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo akiwa amekumbatia ndoo ya lita 20 yenye mche wa nyanya, majani yamelegea yote mpaka ya juu kabisa. Alikuwa na uchungu wa kweli. Mche ule aliulea tangu mbegu, akausimikia mti wa kuegemea, akaanza kuhesabu maua. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa ameuliza kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu, na majibu yakamiminika. Weka maganda ya mayai. Mwagia maji ya sukari. Nyunyiza majivu. Unamwagilia jua likiwa kali, maji yanaunguza majani. Mwingine akamwambia hana mkono wa kupanda, basi, aache.

Katika majibu yote yale, hakuna aliyeuliza ndoo ina matundu mangapi chini. Haikuwa na hata moja.

Tuliupindua ule mche tukaumwaga udongo wake kibarazani. Mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza, na inanuka kama maji ya mtaro. Mizizi mizima ya nyanya ni myeupe na inakatika kwa mlio mdogo ukiikunja. Mche ule haukufa kwa kiu wala kwa njaa. Ulikosa pumzi.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila mvua zinapokaribia watu wanarudi bustanini kwa moyo mkunjufu, na wengi wanakata tamaa kabla ya mavuno ya kwanza. Wanajilaumu wao, au wanalaumu mbegu, wakati tatizo karibu kila mara limejificha chini ya udongo, mahali ambapo hatuangalii.

Maneno kwanza

Mkanganyiko mwingi unaanzia kwenye maneno. Virutubisho ni madini ambayo mmea unayafyonza kwa mizizi: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu na mengine. Mbolea ni kitu chochote tunachoongeza kwenye udongo ili kuleta virutubisho hivyo. Ikitoka zizini au bandani ni samadi. Ikitokana na majani, maganda na mabaki ya jikoni yaliyoozeshwa mpaka yakawa meusi na laini, ni mboji. Ikitoka kiwandani, wazee wetu waliita mbolea ya chumvichumvi, na jina hilo lina ukweli ndani yake ambao nitaurudia.

Sasa, katika hizo zote hakuna hata moja iliyo chakula cha mmea. Mmea haupikiwi, unajipikia wenyewe. Jani ndilo jiko na jua ndio moto wake. Hewa inayoingia kwenye vitundu vya jani na maji yanayopanda kutoka mizizini ndiyo unga na maji ya ugali. Shuleni tuliambiwa kazi hiyo inaitwa usanisinuru. Mbolea nafasi yake ni ya chumvi: kidogo tu, ila bila hicho kidogo mapishi hayaendi.

Kama unaona natia chumvi, kuna jaribio la zamani sana. Katika karne ya 17, Jan Baptist van Helmont wa nchi ambayo leo ni Ubelgiji alipima udongo mkavu wa takriban kilo 90, akauweka kwenye chombo, akapanda mche wa mti wenye uzito wa kilo mbili na kitu. Kwa miaka mitano aliumwagilia maji tu. Mwisho mti ulifika zaidi ya kilo 70, na udongo alipoukausha na kuupima tena ulikuwa umepungua gramu kama 57. Yeye alidhani mti wote umetokana na maji, kwa kuwa kazi ya hewa ilikuwa bado haijajulikana. Lakini gramu 57 dhidi ya kilo 70 zinaonyesha wazi jinsi mchango wa madini ya udongo ulivyo mdogo kwa uzito.

Kwa hiyo mche uliodumaa chini ya mwembe haudai mbolea. Moto umezimwa jikoni, na kuongeza chumvi hakutauwasha. Nyanya, pilipili, bamia na biringanya zinataka jua la moja kwa moja saa sita kwa siku au zaidi. Mboga za majani zinavumilia hata saa nne. Kabla hujanunua mbegu, kaa siku moja nyumbani utazame jua linapiga wapi saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi. Siku hiyo moja itakuokolea fedha nyingi kuliko ushauri wowote wa mbolea.

Mizizi inapumua

Hapa ndipo penye kiini cha yote, na naomba tukae kidogo.

Mzizi ni kiungo hai kinachofanya kazi usiku na mchana, na kwa kazi hiyo unahitaji oksijeni kama sisi. Udongo mzuri, ukiupima kwa ujazo, karibu nusu yake ni nafasi tupu kati ya chembe na chembe. Nusu ya nafasi hizo inafaa kuwa na maji na nusu nyingine hewa. Ukijaza maji nafasi zote, hewa inafukuzwa, na oksijeni hupenya ndani ya maji taratibu mno, takriban mara elfu kumi polepole kuliko inavyopenya hewani. Mzizi unakosa pumzi, unaacha kufyonza, unaanza kufa, na vimelea vya kuozesha vinaingia.

Ndiyo maana mmea uliozama maji unanyauka vilevile kama uliokauka. Mzizi uliokufa haunyonyi hata kama umesimama ndani ya maji. Mwenye bustani anaona majani yamelegea, anasema una kiu, anaongeza maji. Jirani yangu alifanya hivyo kwa wiki mbili, kwa upendo kabisa.

Dawa ya mkanganyiko huu ni kidole. Kitumbukize udongoni mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu na chembe zimekushikilia, usimwagilie. Kikitoka kikavu, mwagilia, tena mwagilia mpaka maji yatokee chini ya chombo, kisha acha mpaka kidole kiseme tena. Maboga, sukuma wiki na matembele hulegea mchana wa jua kali hata udongo ukiwa na maji ya kutosha, kwa sababu majani yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuleta. Ukiyaona yamesimama tena jioni, hayana tatizo. Yaliyolegea alfajiri, kabla jua halijatoka, hayo ndiyo yanakuita.

Kiasi gani? Kuna hesabu rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwenye joto la pwani, tuta la mboga linaweza kupoteza lita nne hadi tano kwa kila mita ya mraba kwa siku ya jua. Ndoo ya lita 20 inatosha basi mita nne hivi za mraba. Bora kumimina maji mengi kila baada ya siku moja kuliko kikombe kila jioni, kwa sababu kikombe hulowesha ngozi ya juu tu na mizizi hupanda juu kukifuata, ikangoja kuunguzwa. Udongo wa kichanga, kama ulivyo sehemu nyingi za Dar es Salaam, haushiki maji, kwa hiyo utamwagilia mara nyingi zaidi ya mtu mwenye udongo wa mfinyanzi. Asikudanganye mtu kwamba kuna ratiba moja ya Tanzania nzima.

Na lile la maji kuunguza majani mchana? Wazo lenyewe ni kwamba tone linakuwa kama kioo cha kukuzia na kukusanya miale. Mwaka 2010 watafiti wa Hungary walilipima jambo hili na kukuta kwamba matone kwenye majani laini hayaunguzi. Yakikaa juu ya vinyweleo vya majani yenye manyoya ndipo hatari inaweza kutokea, nayo ni nadra. Mwagilia asubuhi kwa sababu nyingine: maji hayapotei mengi hewani, na majani yanakauka mapema, ukungu usipate mahali pa kulala. Lakini ukiukuta mche umenyauka saa saba mchana na udongo ni mkavu, mpe maji saa hiyohiyo. Usimwache mgonjwa mpaka jioni kwa ajili ya mwiko.

Ndoo, gunia na mawe ya chini

Wengi wetu hatuna uwanja. Tuna kibaraza, korido, paa la bapa au kona ya nyuma ya nyumba. Ndoo iliyopasuka mpini, gunia la mchele, dumu lililokatwa katikati, vyote vinafaa, kwa sharti la matundu. Msumari uliopashwa moto unatoboa plastiki kirahisi. Toboa sita au nane chini, na inua chombo kwa vipande vya matofali ili maji yapate pa kutokea.

Halafu kuna desturi ya kuweka mawe au vigae chini ya ndoo "ili maji yachuje". Hii niliifuata miaka mingi. Chukua sifongo cha kuoshea vyombo, kiloweshe, kiweke juu ya kokoto. Maji yatatoka kidogo, kisha yatakoma, na sehemu ya chini ya sifongo itabaki imejaa. Udongo hufanya hivyohivyo: maji hayatoki kwenye vinafasi vidogo vya udongo kuingia kwenye nafasi kubwa za mawe mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa. Ukiweka mawe, eneo lililojaa maji linapanda juu, karibu zaidi na mizizi, na umepoteza nafasi ya udongo. Kitambaa au kipande cha chandarua juu ya matundu kinatosha kuzuia udongo usitoke.

Bustani ya gunia ni habari nyingine. Nguzo ya mawe inayosimamishwa katikati ya gunia, kama wanavyofanya wakulima wa Kibera kule Nairobi, inapita kutoka juu mpaka chini. Ni njia ya kupeleka maji kwenye miche iliyopandwa ubavuni, na kazi hiyo inaifanya vizuri.

Mchanganyiko ninaoutumia ni makopo matatu ya udongo wa juu, mawili ya mboji au samadi iliyoiva, na moja la mchanga. Mboji ina thamani kubwa kwenye mchanganyiko huu, na si kwa sababu ya virutubisho peke yake. Inagandisha chembe za mchanga ili zishike maji, na inaachanisha chembe za mfinyanzi ili hewa ipite. Sijui kitu kingine kinachotibu magonjwa mawili yanayopingana kwa mkono mmoja.

Chumvi ya chumvichumvi

Kata kitunguu cha kachumbari, kinyunyizie chumvi, subiri dakika kumi. Bakuli lina maji. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya kitunguu. Mbolea nyingi kwenye udongo huivuta mizizi namna hiyohiyo: maji yanatoka mzizini kwenda udongoni, kingo za majani zinakauka kama zimebabuliwa, na mmea unakufa kwa kiu katikati ya unyevu. Wazee hawakukosea jina.

Namba kwenye mfuko ni asilimia. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. NPK ya 17-17-17 ina asilimia 17 ya kila kimoja kati ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu, mbili za mwisho zikihesabiwa kwa namna ya oksaidi zake. Naitrojeni hujenga majani, fosforasi husaidia mizizi na mwanzo wa uhai wa mche, potasiamu husaidia maua, matunda na ustahimilivu. Ndiyo sababu aliyeendelea kuweka urea kwenye nyanya anapata kichaka cha kijani kibichi kisicho na nyanya. Kwa ndoo ya lita 20, kizibo kimoja cha soda cha NPK kinatosha kwa mara moja, nacho kifukiwe mbali kidogo na shina, kisha maji yafuate.

Samadi mbichi nayo inaunguza, hasa ya kuku, kwa kuwa naitrojeni yake ni kali na bado inachemka. Irundike, iloweshe kidogo, igeuze mara kwa mara kwa miezi miwili au mitatu. Ikiiva haina joto wala harufu ya kukata pua. Tena samadi mbichi hubeba vijidudu vya tumboni, na hapo nyumbani majani mengine tunayala bila kupika.

Majivu yana potasiamu na kalsiamu, lakini naitrojeni yake ilishaondoka na moshi. Pia yanapunguza uasidi wa udongo, kwa hiyo konzi moja huenda ikasaidia na debe zima likafunga virutubisho vingine visipatikane. Maji ya sukari hayamlishi mmea. Yanawalisha vijidudu vya udongoni, nao wanaongezeka na kugombania oksijeni na naitrojeni na mizizi ileile uliyotaka kuiponya. Maganda ya mayai yanahitaji nafasi yake, tutayafikia kwenye nyanya.

Kila mmea na mahali pake

Kama uko pwani au popote penye joto, anza na mchicha. Unapenda joto, unakubali kung'olewa baada ya wiki tatu au nne, na makosa yako yote utayaona haraka na kuyasahihisha kwenye awamu inayofuata. Matembele ni rahisi zaidi: kata rando, yaani kipande cha shina lake, la urefu wa kiganja na nusu, lifukie nusu, umemaliza. Bamia, kunde, nyanya chungu na pilipili zimezoea jua letu. Mwenzako wa Njombe, Lushoto au Limuru atavuna karoti na kabichi zilizonona ambazo wewe wa Tanga utazihangaikia bure. Hajakuzidi mkono. Amekuzidi baridi.

Neno juu ya spinachi. Ile ya majani mapana na bua nene jeupe tunayonunua sokoni ni ya ukoo wa kiazisukari na inastahimili joto kiasi. Spinachi nyingine, fupi, ya majani laini, ni mmea tofauti wa nchi za baridi, na pwani inakimbilia kutoa maua kabla hujala. Soma pakiti kabla ya kulipa.

Nanaa usiipande pamoja na kitu kingine. Mashina yake yanatambaa chini kwa chini na kuteka ndoo nzima. Mchaichai unagawanywa kwa shina lenye mizizi, unakua hata kwa aliyekata tamaa. Asumini na waridi zinataka jua na mkasi: maua huja kwenye matawi machanga, kwa hiyo anayeogopa kupogoa anajinyima harufu.

Nyanya ndiyo inayowaliza wengi, na ina haki ya maelezo marefu.

Mche wa wiki nne hivi upandikize kwa kina, ukifukia shina mpaka karibu na majani ya kwanza, kwa sababu shina la nyanya huota mizizi popote linapogusa udongo. Mboga nyingine ukizifukia hivyo zinaoza. Kama kitaluni miche inakatika shingo na kulala chini ingali michanga, huo ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoletwa na mbegu zilizosongamana na maji mengi. Mwaga mbegu kwa nafasi, na punguza maji.

Kama mche mkubwa umenyauka ghafla ukiwa bado kijani, na matundu ya ndoo yapo, na udongo una unyevu wa kawaida, kata kipande cha shina karibu na chini, kisimamishe kwenye glasi ya maji safi. Ukiona baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye mkato, ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Ng'oa, teketeza, usitumie udongo ule kwa nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo, maana vyote ni ndugu na vinaambukizana. Inauma, najua, lakini kuubakiza mmoja kwa huruma ni kuupoteza ukoo mzima.

Maua kupukutika pwani kati ya Desemba na Februari ni joto la usiku. Nyanya hushindwa kufunga tunda usiku unapokuwa na joto la juu ya nyuzi 24 hivi, na Dar es Salaam miezi hiyo ndiyo hali yenyewe. Malori ya nyanya hayashuki kutoka Ilula, Iringa, kwa bahati. Sia mbegu mwishoni mwa Aprili au Mei ili maua yakutane na kipupwe.

Jirani yangu alifanya hivyo. Alitoboa ndoo zake, akasia upya, na mwezi wa nane akaja na nyanya ya kwanza mkononi, nzuri upande wa juu, kitako kimeoza, cheusi, kimebonyea. Kundi la WhatsApp likasema: maganda ya mayai. Safari hii walikaribia. Kitako kuoza ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, na ganda la yai kweli ni kalsiamu. Tatizo ni kwamba ganda linayeyuka udongoni taratibu mno, na mara nyingi udongo una kalsiamu ya kutosha tayari. Kalsiamu husafiri ndani ya mmea ikibebwa na maji. Ukimwagilia sana Jumatatu, ukasahau mpaka Ijumaa, safari inakatika, na majani yanayovuta maji kwa nguvu yanalipora tunda. Tulimwekea matandazo ya majani makavu ya mgomba juu ya udongo, unene wa vidole vinne, ili unyevu usipande na kushuka. Shada la pili na la tatu yalitoka mazima. Maganda ya mayai aliyatia kwenye shimo la mboji, ambako yana muda wa kutosha.

Wadudu nitawapitia kwa haraka. Vidukari na nzi weupe wanauawa kwa maji yenye kijiko kidogo cha sabuni ya mche iliyokwanguliwa kwa lita moja, yakiwagusa wenyewe chini ya majani. Sabuni ya unga huunguza majani. Mwarobaini unasaidia, ila nguvu yake inavunjwa na jua, kwa hiyo nyunyiza jioni. Majani ya nyanya yenye mabaka makavu kama karatasi na viwavi vidogo ndani ni kantangaze, mgeni kutoka Amerika Kusini. Kata majani hayo, yafunge kwenye mfuko wa plastiki ubaki juani. Ukilazimika kununua kiuatilifu, kiwe kilichosajiliwa, na usome siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa. Watoto wanachuma nyanya wakipita. Hilo peke yake lilinifanya niache kununua.

Boga na kidole, papai na msumari

Nilikua nikiambiwa nisinyooshee kidole boga changa, litaoza. Na wasichana tulikatazwa kuingia kwenye maboga siku zetu za mwezi. Nawaheshimu waliotuambia, maana waliona kweli maboga machanga yakigeuka manjano na kudondoka, wakatafuta sababu. Sababu ipo kwenye ua. Mmea wa boga una maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja. Dume lina kikonyo chembamba. Jike lina kiboga kidogo chini yake tangu likiwa bado kufunguka. Ua hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya mchana, siku moja tu. Nyuki asipopeleka chavua asubuhi hiyo, kile kiboga hakina kazi tena, na mmea unakiacha kioze. Kidole cha mtu hakijafanya lolote, na damu ya mwanamke haina njia ya kulifikia ua. Ukikosa nyuki, chuma ua dume saa kumi na mbili na nusu asubuhi, libandue petali, lisugue taratibu katikati ya ua jike. Na wiki za mwanzo yakija madume matupu, subiri, mara nyingi ndiyo yanayotangulia.

Papai lina hadithi inayofanana. Mpapai dume hutoa maua madogo mengi kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia. Jike lina ua kubwa lililogota kwenye shina. Ipo mipapai yenye maua ya jinsia zote mbili, na hiyo ndiyo inayozaa mapapai marefu, wakati jike huzaa ya mviringo. Watu hupigilia msumari mpapai dume ili uzae, na mara mojamoja unazaa vipapai kadhaa, ndipo msumari unapata sifa. Lakini mipapai dume mingine hutoa matunda machache yenyewe majira yakibadilika, hata isipoguswa, na msumari unaacha kidonda cha kuingilia uozo.

Mbegu hazionyeshi jinsia. Kwa hiyo panda miche mitatu au minne kwenye shimo moja, iache ikue mpaka ichanue, kisha kata madume na ubakize jike moja lenye afya. Kama mtaani kuna dume la mtu mwingine, chavua itafika. Jirani yangu ameshapanda mitatu nyuma ya jiko lake la nje, imefika kifuani, na kila asubuhi tunapita kuangalia kama kuna ua.